Jibu la Onyancha

Jumapili, 27 Machi 1966

Jana nilimkimbia mtu kanisani, mimi mwanamume wa miaka thelathini na sita mwenye mke, watoto watatu na kibanda cha ndizi katika soko la Homa Bay.

Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Sisi Wasabato huifanya mara moja kila robo ya mwaka, na kabla ya mkate na maji ya zabibu wanaume huingia chumba chao na wanawake chao, wakaoshana miguu wawili wawili. Ukiwa na jambo na ndugu yako, hapo ndipo pa kulisema, umepiga magoti mbele yake na beseni katikati yenu. Onyancha alihamia hapa Januari kutoka Migori, akafanywa mzee wa kanisa kabla hata ya kufungua masanduku yake. Jana nilimwona akija upande wangu na taulo begani. Nikamdaka Mzee Nyabuto, ambaye ana miaka karibu themanini na alikuwa anatafuta tu mahali pa kukaa.

"Wewe Kerosi, unanishika kama askari," akalalamika.

Nikamwosha miguu haraka haraka. Tulipotoka, Onyancha akanisubiri mlangoni. "Robo ijayo ni mimi na wewe," akasema. "Usinikimbie tena." Alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka.

Basi nina Sabato kumi na tatu. Nimechukua daftari la binti yangu Kemuma ambalo hajaliandika, na nitaandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyochezea mpira. Uwanjani tulikuwa Wagoa, Makalasinga, Wazungu wawili na sisi, na hakuna lugha nyingine ambayo sote tuliweza kutukanana tukaelewana.

Jumatatu, 28 Machi

Mvua. Lori la ndizi halikufika.

Jumamosi, 2 Aprili, jua limeshazama

Sabato ya kwanza. Mchungaji mgeni amehubiri juu ya uaminifu, na nilijua tangu alipofungua Biblia tunaelekea wapi.

"Ndugu zangu, mwaka wa 1958 timu ya Kenya ya mpira wa magongo ilikuwa inakwenda Bara Hindi. Kijana wetu mmoja alikuwa amechaguliwa. Akaambiwa, kuna mechi mbili za Jumamosi. Akajibu nini? Akajibu, Sabato ni ya Bwana!"

Kanisa zima likaitika amina. Phelesia, mke wa Onyancha, aliinua kidevu upande wa wanawake, na sikumlaumu. Ni mwanamke mzuri na ana haki ya kujivunia mumewe. Onyancha mwenyewe aliinamisha kichwa. Kila hadithi hii inaposimuliwa huinamisha kichwa, na watu hunong'ona, tazameni unyenyekevu. Mimi nilinong'ona moyoni, tazameni mnafiki. Maneno yale hakuyasema hata siku moja. Najua hivyo kwa sababu niliyasema mimi.

Katika hubiri hilo hilo mimi pia nimo, ingawa kwa heshima hawanitaji. Mimi ndiye yule mwingine, aliyekwenda badala yake, akacheza Sabato, akafutwa ushirika, akazurura na gongo lake mpaka goti likamshinda. Nilibatizwa upya ziwani mwaka wa 1963. Nilitubu kucheza Sabato. Lile jingine sikulitaja, na maji yakanifunika hivyo hivyo.

Jumanne, 5 Aprili

Nyar Kosele, mama wa samaki aliye kando ya kibanda changu, amenitazama asubuhi nzima. Jina lake la kanisani ni Katarina, lakini soko zima linamwita binti wa Kosele kwa sababu hachoki kutusimulia kwao.

"Omera, ndugu yangu, hiyo uso ni ya nini? Ndizi yako imeoza ama ni wewe?"

"Ni mvua, mama."

"Mvua ya wapi! Mvua inanyeshea sisi wote. Wewe iko na kitu."

Nikampa chane moja ya ndizi ili anyamaze. Alizipokea, na hakunyamaza.

Jumamosi, 9 Aprili

Sabato ya pili. Onyancha aliomba sala ndefu. Nilifumbua macho, nikamtazama viatu.

Jumapili, 17 Aprili

Mvua imenyesha tangu juzi bila kupumua, soko ni tope, na mke wangu Nyaboke amekwenda na watoto kwa dada yake. Niko peke yangu na sina udhuru, kwa hiyo niandike.

Tulikuwa makarani wa ghala moja Nairobi, mimi na Onyancha, na uwanja wa Wagoa ulikuwa ng'ambo ya ukuta. Tulianza kwa kuwaokotea mipira, tukaishia kucheza nao. Mimi nilikuwa hafu mzuri, wa kucheza kati ya mabeki na mafowadi. Onyancha alikuwa hafu wa kati, na hafu wa kati ndiye kitovu cha timu. Mabeki wakiokoa wanampa yeye, mafowadi wakikwama wanamrudishia yeye. Mwenzangu hakuwa na haraka. Aliutazama uwanja mzima huku mpira umetulia kwenye gongo lake, halafu ungesikia tu mlio mmoja mkavu, na fowadi wetu yuko peke yake na golikipa. Mimi nilikimbia sana. Watu wanaokimbia sana husifiwa kwa kuwa wanaonekana.

Siku moja tukifunga kamba za viatu aliniambia, "Kerosi, nikiitwa nitakwenda. Hata Sabato nitacheza. Nikirudi nitamwomba Mungu msamaha, yeye yupo siku zote. Bombay hainiiti mara mbili." Sijasahau hata neno moja.

Kisha baba yake akaugua, naye akaenda Migori, ambako jamaa yao walikuwa wamehamia kufungua duka. Huku nyuma orodha ikatoka. Onyancha hafu wa kati. Mimi akiba wa kubaki nyumbani, wa kuitwa mtu akivunjika.

Kapteni wetu, Mgoa karani wa forodha, mtu mwenye adabu, akaniita pembeni. "Mechi mbili ziko Jumamosi," akasema, "na ninyi ni watu wa Sabato. Siwezi kumpeleka mtu mpaka Bombay akae hotelini anasoma Biblia. Nenda kwao ukamwulize. Nataka jibu la kinywa chake kabla ya Alhamisi." Akanipa nauli kutoka mfukoni mwake.

Nilipanda basi mpaka Kisii, nikalala kwa mama. Kulikuwa na mvua kama hizi, na watu walisema Mto Kuja umejaa, hakuna anayevuka kwenda Migori. Nikashukuru Mungu, ndiyo, nilimshukuru kweli, nikakaa siku mbili nikila uji wa wimbi. Siku ya tatu nikaenda stendi. Basi la Migori lilikuwa limesimama pale, matope mpaka madirishani, na kondakta anapiga ubavu wake kwa kiganja. "Migori! Migori! Daraja liko sawa!" Nilikuwa hatua tano kutoka mlangoni, na nauli mkononi. Nilisimama mpaka likaondoka. Kisha nikapanda la Nairobi.

"Amesemaje?" kapteni akauliza.

"Amesema Sabato ni ya Bwana."

Hakushangaa. Hakuna aliyeshangaa. Ningesema Onyancha amevunjika mguu wangedai barua ya daktari, lakini Msabato kukataa Jumamosi, nani ataomba ushahidi? Kapteni alitikisa kichwa kwa heshima, akafuta jina moja na kuandika jingine.

Onyancha alimzika baba yake, akarudi Nairobi, akakuta tuko baharini siku ya tano. Akaacha kazi, akarudi Migori kushika duka. Habari zilimtangulia. Nasikia kanisa lilimpokea kwa nyimbo.

Mimi nimevaa fulana ya Kenya mara ishirini na tatu.

Jumamosi, 23 Aprili

Sabato ya nne. Mvua.

Ijumaa, 6 Mei

Onyancha ni msimamizi wa watu wanaofyeka vichaka huko Lambwe ili mbung'o wakose pa kukaa. Kila Ijumaa lori la kazi humshusha hapa sokoni kabla jua halijazama, na kila Ijumaa hupita kibandani kwangu. Leo alisimama karibu nusu saa. Alinieleza jinsi mbung'o wanavyopenda kitu kinachosogea. Alimwuliza Nyar Kosele bei ya kamongo kwa Kijaluo kibaya, akachekwa, akacheka naye. Ananiita Kerosi vile vile kama zamani, bila "ndugu."

Jambo moja nimeligundua leo. Tangu Januari hajaniuliza hata mara moja habari za Bombay. Watu wote huniuliza. Wauza mkaa huniuliza. Yeye haulizi.

Anajua. Hakuna maelezo mengine. Anajua na ananingoja kwenye beseni kama paka.

Jumamosi, 14 Mei

Sabato ya saba. Nusu ya muda imekwisha.

Jumanne, 17 Mei

Karani wa wilaya amekuja sokoni. Sikukuu ya Madaraka wanataka mchezo wa magongo uwanjani, askari na walimu upande mmoja, mji upande wa pili. Singh wa gereji anayo magongo dazeni mbili. "Wewe mchezaji wa kimataifa utaongoza timu ya mji," akasema. Goti langu likauma hapo hapo. Nilitaka kukataa, lakini Nyar Kosele alishadakia: "Atacheza! Mimi mwenyewe iko nitakuja kuangalia!"

Jioni nilisikia Onyancha naye ameandikwa, timu yangu.

Jumatano, 1 Juni, Madaraka

Nitaandika yote kabla sijaanza kujitetea.

Mvua ilitupa nafasi tangu asubuhi. Uwanja ulikuwa na mashimo ya ng'ombe na mstari mmoja wa chokaa ambao haukunyooka. Walinipanga hafu wa kati, nani tena. Onyancha wakamweka kushoto. Kipindi cha kwanza nilikimbia kama kawaida yangu, watu wakapiga makofi kama kawaida yao, na askari wakatufunga mawili.

Wakati wa mapumziko tulikuwa tumekaa chini tukinyonya machungwa. Sijui kilichonipata. Nikamwambia Onyancha, "Kipindi hiki shika kati."

Akanitazama. "Kati ni kwako."

"Leo shika wewe. Goti linanisumbua."

Alinyonya chungwa lake mpaka refa akapuliza filimbi. Halafu akainuka, akaenda kusimama katikati ya uwanja, akapangusa mpini wa gongo kwa shati.

Miaka minane hakugusa mpira. Dakika tano za kwanza alikosea, na vijana wa pembeni wakamzomea. Kisha nikausikia ule mlio mkavu. Singh, mwenye kitambi na miaka hamsini, akajikuta peke yake mbele ya goli, akashangaa hata yeye, akafunga. Baada ya hapo askari walikuwa wanazunguka tu. Onyancha hakukimbia. Alitembea. Popote mpira ulipotaka kwenda alikuwa ameshafika, na mimi niliyekuwa kushoto nilipokea mipira mizuri kuliko yote niliyopewa maishani, Bombay na Lahore zikiwemo. Tukashinda manne kwa mawili.

Singh alinishika bega, anahema. "Kerosi bwana, huyu mtu alikuwa wapi miaka yote?"

Nilikwenda kukaa karibu na Onyancha, ambaye alikuwa amelala chali kwenye nyasi, shati limelowa, anacheka peke yake.

"Mgongo huu kesho utaniuliza maswali," akasema. Halafu akang'oa unyasi mmoja. "Kerosi. Nyasi za Bombay zilikuwaje?"

Ndiyo mara ya kwanza.

"Hakukuwa na nyasi," nikamwambia. "Ni udongo mwekundu, umeshindiliwa, umemwagiwa maji."

Akageuza uso kunitazama. "Udongo?"

"Udongo mtupu."

"Mimi miaka yote hii naota nyasi," akasema.

Hajui. Hajawahi kujua. Hakuniuliza habari za Bombay kwa sababu zilimuuma, basi, na mimi nikamgeuza paka. Nimemdhania ubaya mtu ambaye nilimdhulumu, eti ili tuwe sawa. Nimeona haya ambayo sijawahi kuona, hata siku jina langu liliposomwa kanisani nikifutwa ushirika.

Alhamisi, 2 Juni

Goti limevimba. Sikwenda sokoni.

Jumapili, 5 Juni

Kuna jambo jingine na afadhali liandikwe. Sabato ile ya Bombay ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Watu wamejaa mpaka juu ya kuta, ngoma zinalia, nami nilicheza kama mtu aliyeazimwa miguu. Nimejaribu kuichukia siku ile. Nimeiombea niichukie. Nikirudishwa leo pale stendi ya Kisii, basi linanguruma, kondakta anapiga ubavu, siwezi kuapa ningepanda. Ndiyo maana toba yangu haikamiliki. Najutia nilichomfanyia Onyancha, na bado sitaki kuirudisha alasiri yenyewe.

Jumamosi, 11 Juni

Sabato ya kumi na moja.

Jumapili, 19 Juni

Nimemwambia Nyaboke. Alikuwa anamenya ndizi za mchana. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza, na nikaona anamenya hata zile za kuuza.

"Kwa hiyo ulipokuja kwetu kunichumbia na lile gazeti lenye picha yako," akasema, "ile picha ilikuwa ya Onyancha."

"Ilikuwa yangu. Nafasi ndiyo ilikuwa yake."

"Ni hivyo hivyo." Akafuta kisu. "Sasa unataka kumwambia."

"Sabato ijayo. Kwenye kuoshana miguu."

"Baba Kemuma, ukimwambia, nani atapona?"

Nilifikiri. "Mimi," nikasema.

"Na yeye?"

Nikaokota maganda chini. Akaniambia hanichagulii, kila mtu ataibeba roho yake mwenyewe mbele ya Mungu, lakini nisije nikadhani mzigo ukiutua mahali unapotea. Kisha akanituma kuni. Nyaboke hajawahi kunipenda kwa sababu ya mpira, na leo ndiyo siku ya kwanza nimefurahia jambo hilo.

Ijumaa, 24 Juni

Onyancha alipita. Alinunua ndizi, akasema, "Kesho." Nikasema, "Kesho."

Jumamosi, 25 Juni, jioni

Sabato ya kumi na tatu.

Chumba cha Shule ya Sabato, madawati yamesogezwa ukutani, mabeseni ya bati sita. Alikuja moja kwa moja kwangu. Mimi ndiye niliyepiga magoti kwanza. Miguu yake ni mipana, imekauka nyayo kwa kutembea Lambwe. Nikaiweka majini, nikasema bila kumtazama.

"Mwaka ule wa 1958, kapteni alinituma nikuulize kama utacheza Sabato. Sikufika Migori. Daraja lilikuwa sawa. Nilirudi nikasema umekataa."

Mguu wake ulikakamaa mikononi mwangu. Hakuuondoa. Karibu yetu Mzee Nyabuto alikuwa anaimba kwa pua, na mtu mwingine anamwaga maji. Nikamaliza mguu mmoja, nikaosha wa pili, nikaukausha. Nikadhani atatoka.

Akachukua beseni, akabadilisha maji, akapiga magoti. Alinivua kiatu mwenyewe. Akaanza kuosha polepole, na kidole chake kikafika kwenye fundo la mfupa lililovimba kando ya kifundo cha mguu.

"Hii ni ya wapi?"

"Lahore. Kona fupi. Mpira ulinigonga."

Akaushika ule mfupa muda mrefu. "Hii ilikuwa yangu," akasema.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha katika daftari langu mwenyewe.

"Ningesema ndiyo," akaniambia, sauti ya chini sana.

"Najua. Uliniambia tukifunga viatu."

"Hapana, hujui. Nilirudi Migori nikidhani Wagoa wameniacha tu kwa sababu ya ngozi au kwa sababu ya matanga. Nikakuta kanisa linaimba. Wananiita shujaa. Nilitaka kuwauliza, nimefanya nini? Lakini nilikuwa nimepoteza baba na mpira wiki moja, Kerosi, na hawa watu wananipa kitu. Nikakichukua. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa jibu ambalo sikulitoa."

Akanikausha miguu, akanifunga kamba za viatu kama mtoto. Desturi ni kukumbatiana na kuombeana. Tulikumbatiana. Kuomba, kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Kisha akaingia kanisani, na ilikuwa zamu yake kuhudumu mezani. Alimwambia mchungaji hajisikii vizuri, akakaa kiti cha nyuma. Mkate ulipomfikia aliupitisha.

Jumapili, 26 Juni

Nimelala vizuri kuliko miezi mingi. Najichukia kwa hilo.

Jumamosi, 2 Julai

Baada ya matangazo Onyancha aliomba nafasi. Alisimama sakafuni, hakupanda mimbarani.

"Ile hadithi ya Bombay mnayoipenda," akasema, "si kweli. Sikukataa. Hakuna aliyeniuliza. Nilijua tangu mwanzo kwamba sikuulizwa, nikawaacha mseme miaka minane. Naomba mniondoe katika uzee wa kanisa."

Nilidhani ataendelea. Alifungua kinywa, akatazama upande wa wanawake, alipokuwa Phelesia na mtoto mgongoni, akakifunga. Neno lililobaki nalijua mimi peke yangu.

Nikasimama. Nikasema aliyetumwa akamwulize ni mimi, na aliyedanganya ni mimi, na nilifanya hivyo ili niende badala yake.

Sasa sikiliza ajabu ya watu. Nilipotoka nje walinipa mikono. "Umefanya jambo gumu, ndugu Kerosi." "Bwana akubariki kwa kusema kweli." Mama mmoja alinibusu kiganja. Kwa Onyancha walikwenda wachache, wakazungumza naye wakitazama pembeni, na kila mmoja alimfariji kwa maneno yale yale: hata kama hukuulizwa, ungeulizwa ungekataa, sisi tunakujua. Naye aliinamisha kichwa. Phelesia alikuwa ameshatangulia njiani na watoto, na hakugeuka nyuma.

Jumatatu, 4 Julai

Mzee Nyabuto amekuja kibandani, amechoka kwa kupanda mlima. Baraza la kanisa limekaa. Pengo la Onyancha lazima lizibwe, na jina langu ndilo lililotajwa.

Nilicheka mpaka Nyar Kosele akainuka kuangalia. Mzee wa watu alikasirika. "Ni jambo la kucheka hilo?"

Nikamwomba radhi, nikamwambia hapana, na siku zote za maisha yangu hapana. Nilimfungia ndizi akaenda nazo. Kwanza nilimnyang'anya Onyancha safari, kisha nikamvua heshima mbele ya mkewe, na bado kuna watu wanataka kunipa kiti chake.

Ijumaa, 8 Julai

Lori la Lambwe lilikuja bila yeye. Dereva anasema amebaki kambini, ana kazi.

Jua kali. Mvua zimekwisha kabisa.

Jumatatu, 11 Julai

Phelesia alikuja saa nne asubuhi, mtoto mgongoni. Nyaboke alikuwapo, akampa kigoda, hakukaa. Alizigeuzageuza ndizi kana kwamba anachagua.

"Shemeji," akasema, "mwaka wa 1959 nilikuwa na wachumba wawili. Mwingine alikuwa na ng'ombe na nyumba ya mabati. Baba alimtaka huyo. Mimi nikamwambia baba, yule wa Migori alikataa dunia nzima kwa ajili ya Mungu, hata mimi hatanidanganya."

"Shemeji, kosa ni langu."

"Nimesikia. Kanisa zima limesikia kosa lako." Hakusema kwa ukali, ndiyo maana ilichoma. "Mimi sikuja kwa kosa lako. Amekaa nyumbani siku tatu bila kusema neno, akaenda Lambwe. Nilimwuliza jambo moja, akanyamaza. Wewe ulilala naye chumba kimoja, ulicheza naye, ulimjua kabla yangu. Niambie. Ungelifika Migori ukamwuliza, angesema nini?"

Nyaboke aliacha kupanga mikungu.

Kanisa zima lilikuwa limeshaniandalia jibu. Angekataa, shemeji, angekataa tu, nani asiyemjua Onyancha? Nilikuwa nalo ulimini. Lingemrudisha nyumbani amenyooka, na mumewe angepokelewa, na watoto wangekua na baba yule yule. Jibu la kweli nalo nilikuwa nalo, nilipewa kwenye beseni. Niliona kwamba yote mawili yalikuwa mdomoni mwangu, na hakuna hata moja lililokuwa langu.

"Lori la Lambwe linaondoka saa sita hapo kwa karani wa wilaya," nikamwambia. "Panda. Kamwulize mwenyewe."

"Nimeshamwuliza."

"Mwulize tena. Umngoje."

Alinitazama, macho yamejaa. "Na kama jibu ni baya?"

"Basi litakuwa lake," nikasema.

Nyaboke akamfungua mtoto mgongoni taratibu, akamweka kwake. "Nenda," akamwambia. "Huyu na wenzake watakula kwangu." Phelesia akakaza kilemba, akashuka kwenda kwa karani wa wilaya.

Jumatano, 13 Julai

Watoto wa Onyancha bado wako kwetu. Lori lilirudi jana na leo, Phelesia hayumo. Dereva alianza kunieleza alivyowaona wawili hao kule kambini, nikamwambia asinieleze.